Taa kwanza, tumbawe baadaye: Kabla hujampelekea mteja bahari sebuleni

Na Mwandishi Wetu wa Masuala ya Kikanda

Pikapu ilifika mpakani alasiri ikiwa na mizigo miwili. Wa kwanza ulikuwa katoni yenye taa nne za LED, ankara yake na hati za forodha. Wa pili ulikuwa ndoo mbili za plastiki zenye mifuniko, zimejaa maji ya bahari na vipande vya matumbawe.

Katoni ilipita. Ndoo hazikupita.

Ofisa aliomba kibali cha CITES. Mwenye mzigo, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akipeleka vifaa vya umeme Kampala na Kigali, hakuwa amewahi kulisikia neno hilo. Alidhani kwamba kwa kuwa nchi hizi ziko kwenye umoja mmoja wa forodha, kilichotoka Pwani ya Kenya kingefika Rwanda bila maswali. Usiku ukapita akipiga simu huku na huku. Asubuhi alipofunua ndoo, maji yalikuwa yananuka na matumbawe yote yalikuwa yamekufa.

Aliyenisimulia kisa hiki aliomba jina lake na la mpaka visitajwe. Lakini alitaka wenzake wajue sehemu iliyomuuma zaidi. Zile taa zilizopita salama, mteja alipoziwasha Kigali, ziligundulika kuwa za kukuzia mboga. Kwa hiyo kilichozuiwa kilikufa, na kilichopita hakikufaa.

Siku hizi matangi ya samaki yamejaa kwenye mahoteli, zahanati na nyumba za watu wenye uwezo katika miji yetu. Baada ya samaki wa maji baridi, wapo wateja wanaotaka kupanda ngazi: tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe yanayopepea na kung'aa. Oda ya namna hiyo ikikufikia, maswali ni matatu, na yana mpangilio wake: taa gani, tumbawe gani, na karatasi gani. Mwenzetu wa Mombasa hakuuliza hata moja.

Tumbawe hula mwanga

Wengi hudhani tumbawe ni jiwe, wengine mmea. Ni mnyama. Kila tumbawe ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, wenye mdomo na mikono midogo. Ndani ya nyama yao huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea mwenyeji wake. Wanasayansi wanakadiria kwamba tumbawe linaweza kupata hadi asilimia 90 ya nishati yake kwa njia hiyo.

Ndiyo maana taa ya tangi la matumbawe si pambo. Ni jiko la kumpikia mnyama. Taa mbaya humwua kwa njaa taratibu, na mteja atadhani umemuuzia tumbawe bovu.

Rangi ya mwanga nayo ina sababu yake. Maji ya bahari hufyonza mwanga mwekundu katika mita chache za mwanzo, lakini mwanga wa bluu hushuka mbali zaidi. Matumbawe yamezoea bluu hiyo. Taa inayofaa hutoa mwanga mwingi kati ya nanomita 400 na 480, yaani zambarau hadi bluu, pamoja na nyeupe kiasi ili jicho la binadamu lipate kuona vizuri. Kwenye maboksi ya taa za bahari mara nyingi utaona Kelvini 10,000 hadi 20,000. Balbu nyeupe ya dukani huwa karibu 6,500, na ile ya njano ya sebuleni karibu 3,000.

Taa za kukuzia mboga zina wekundu mwingi kwa sababu mimea ya nchi kavu huupenda. Ndani ya tangi la bahari, wekundu huo hunufaisha zaidi mwani wa kijani unaotambaa kwenye vioo na mawe. Taa za bluu za disko nazo zisikudanganye. Zina rangi, lakini hazina nguvu ya kulisha kitu.

Usisome lumeni, uliza PAR

Mfanyabiashara wa taa amezoea kusoma wati na lumeni. Kwa tumbawe, vipimo hivyo havitoshi. Wati hueleza umeme unaoliwa. Lumeni hueleza jinsi jicho la mtu linavyoona, na jicho letu huona bluu kwa udhifu. Kipimo kinachofaa huitwa PAR, nacho huhesabu mwanga ambao mwani unaweza kuutumia.

Jua la mchana juu ya maji ya bahari hufika karibu PAR 2,000. Tangi la nyumbani halihitaji hata robo ya hapo. Matumbawe ya uyoga huridhika na PAR 50 hadi 100. Matumbawe laini mengi hupenda 75 hadi 150. Magumu yenye polipu kubwa huishi vizuri katika kiwango hichohicho. Magumu ya matawi, yale yanayofanana na pembe za paa, hutaka 200 hadi 350 na zaidi, tena katika maji ambayo hayabadilikibadiliki. Yaliyokufa ndani ya zile ndoo yalikuwa ya aina hiyo ya mwisho.

Kipima PAR ni ghali kwa mteja mmoja. Kwa muuzaji mwenye wateja kumi, kimoja kinatosha kuzunguka nyumba hadi nyumba siku ya kufunga taa. Huduma hiyo ndiyo itakayomrudisha mteja dukani kwako badala ya kwenda kuagiza mtandaoni.

Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 60, upana 45 na kina 45. Likijaa hubeba lita 121, yaani zaidi ya kilo 120 kabla hujahesabu kioo na mawe. Stendi ya televisheni haitalibeba. Kwa eneo kama hilo, taa moja nzuri ya LED ya tangi la bahari hutosha kwa matumbawe laini. Iwe na mambo matatu: kipunguza mwanga, saa ya kuwasha na kuzima yenyewe, na njia mbili tofauti za kurekebisha bluu na nyeupe.

Kosa la mwanzoni huwa ni kuwasha taa kwa nguvu zote siku ya kwanza. Anza na asilimia 30 au 40, uongeze kidogo kila wiki. Saa 8 za mwanga kwa siku zinatosha kuanzia. Ukiweka saa 6 mchana hadi saa 2 usiku, familia itakuta tangi linang'aa ikirudi nyumbani. Tumbawe likipauka na kuwa jeupe, mara nyingi mwanga umezidi au maji yamepata joto. Likirefuka kama linatafuta dirisha, au likigeuka kahawia, mwanga haulitoshi. Tangi lenyewe lisikae dirishani, kwa kuwa jua la moja kwa moja hupasha maji na kuzalisha mwani.

Plagi, yuniti na umeme kukatika

Taa inayouzwa Nairobi inaweza kuwa na plagi ya pini tatu za mraba, inayotumika Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda, Burundi na Kongo, soketi nyingi ni za pini za mviringo. Kabla ya kuagiza, uliza plagi ya mteja. Kisha soma kibandiko cha adapta: kikiandikwa 100 hadi 240V, itafanya kazi kote kwenye ukanda huu. Kikiandikwa 110 au 120V peke yake, iache.

Mpigie mteja hesabu ya umeme mapema. Taa ya wati 100 ikiwaka saa 10 hula yuniti moja. Kwa mwezi ni yuniti 30, bila kuhesabu pampu na hita. Afadhali asikie hilo dukani kuliko kulikuta kwenye mita.

Umeme ukikatika, kinachotisha si giza. Hata baharini kuna siku za mawingu, na tumbawe huvumilia siku moja au mbili bila mwanga. Hatari ni pampu kusimama, maji yakatulia na hewa ya oksijeni ikapungua. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni kifaa cha bei nafuu ambacho kila mteja wa tangi anapaswa kuondoka nacho.

Maji kwanza, na subira

Hakuna taa itakayookoa tumbawe kwenye maji mabaya. Chumvi ya jikoni haifai. Inatakiwa chumvi maalumu ya bahari, yenye kalisi na magnesi, ikorogwe kwenye maji yaliyochujwa kwa RO hadi ifike takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Vituo vya maji ya kunywa yaliyochujwa kwa RO viko mitaani katika miji mingi, kwa hiyo hata aliye mbali na bahari anaweza kuanza. Maji ya bomba yenye klorini yasiingie moja kwa moja.

Joto liwe karibu nyuzi 25 au 26. Nairobi mwezi wa Julai utahitaji hita. Mombasa na Dar es Salaam tatizo ni kinyume chake, na feni inayopuliza juu ya maji hupunguza joto. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi hubaki tangini.

Tangi jipya lipewe wiki 4 hadi 6 kabla ya tumbawe la kwanza. Katika muda huo bakteria huzaliana kwenye mawe na kugeuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa nitriti na hatimaye nitrati. Mteja mwenye haraka ndiye mteja wa hasara. Mwuzie taa, chumvi na mawe, umwambie tumbawe litakuja mwezi ujao.

Matumbawe ya kuanzia

Kwa mtu wa kwanza kabisa, chaguo bora ni uyoga wa baharini. Ni bapa na mviringo, hupenda mwanga hafifu, huvumilia makosa, na huzaana wenyewe juu ya jiwe.

Baada yake yapo matumbawe ya ngozi, ambayo huguswa kama ngozi iliyolowa. Mengine yana umbo la sahani, mengine la vidole. Hukua haraka, na huweza kukatwa kwa wembe na kila kipande kikawa tumbawe jipya. Mara kwa mara hujifunga kwa siku kadhaa na kuvua utando wa juu. Mwambie mteja asishtuke, hajafa.

Zenia, lile linalofumba na kufumbua vidole kama mtu anayeita, ndilo linalovutia wageni kuliko yote. Tatizo lake ni kuenea kama magugu, pamoja na lile la zulia la nyota za kijani. Yapandwe kwenye jiwe la peke yake, mbali na mengine.

Zoantho, yale ya vifungo vya rangi nyingi, nayo ni rahisi kutunza. Lakini yana onyo ambalo hakuna muuzaji anayepaswa kulificha. Baadhi yake, pamoja na jamaa zake, yana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana kutoka kwa viumbe hai. Asiyashike mtu mwenye jeraha mkononi. Anayeyakata avae glavu na miwani ya kujikinga. Jiwe lenye zoantho lisichemshwe wala kumwagiwa maji ya moto kwa ajili ya kulisafisha: mvuke wake umewahi kuwalaza hospitalini watu waliokuwa chumba kimoja nalo. Nyumba yenye watoto wadogo ianze na uyoga na ngozi.

Matumbawe magumu yenye polipu kubwa yanaweza kufuata baada ya miezi sita au zaidi. Yale ya matawi yasubiri mwaka wa pili.

Umoja wa forodha haufuti CITES

Hapa ndipo ndoo zilipokwama. CITES ni mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ulisainiwa Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika 1975. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo ni wanachama. Matumbawe yote magumu yanayojenga miamba yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo. Maana yake yanaweza kuuzwa nje, lakini kwa kibali cha nchi yanakotoka. Kama yametoka Indonesia yakapitia Nairobi kwenda Kampala, kinahitajika cheti cha kusafirisha tena. Kenya, ofisi inayohusika ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kwingineko, anza kwa kuuliza ofisi ya CITES ya nchi yako.

Soko la pamoja halibadilishi jambo hilo. Kutoka Kenya kwenda Uganda ni kusafirisha nje, kama vile kwenda Ulaya.

Kuna mitego minne ya kukumbuka. Kwanza, tumbawe gumu lililokufa na kukauka, hata la kuweka kabatini, nalo linahitaji kibali. Pili, tumbawe la bluu na lile jekundu lenye mirija kama filimbi yamo kwenye orodha ingawa hayahesabiwi pamoja na magumu ya kawaida. Tatu, uyoga, ngozi na zoantho hazimo kwenye orodha, lakini zikiwa zimeota juu ya jiwe la tumbawe gumu, jiwe hilo linaweza kudaiwa kibali. Nunua zilizooteshwa juu ya kigae au saruji. Nne, kutokuwa kwenye orodha ya CITES hakumaanishi uhuru kamili. Sheria za uvuvi na za afya ya wanyama za kila nchi bado zinahusika, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga safari.

Kuhusu taa, cheti rahisi cha uasili ambacho wafanyabiashara wadogo hukitumia kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 hakitasaidia, kwa kuwa ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Taa ya kutoka China haimo. Ushuru wa pamoja wa nje una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35. Mwombe wakala wako athibitishe msimbo wa bidhaa kabla ya kulipa kiwandani: taa kamili huangukia 9405, na balbu ya LED peke yake 8539. Tunza hati ya ushuru uliolipwa bandarini, maana utaulizwa mpaka unaofuata.

Ndoo zilitoka wapi

Nilimwuliza yule mfanyabiashara aliyapata wapi. Alinijibu kwamba alimlipa mvuvi, akazama na kuyavunja kwa nyundo.

Mwamba uliovunjwa hauko mbali na riziki ya watu wetu. Samaki wengi wanaouzwa katika masoko ya Pwani hukulia kwenye miamba ya matumbawe. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, na mwaka 2016 joto likarudi. Tumbawe kubwa la mviringo aina ya Porites hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka. Lenye upana wa sentimita 30 limechukua kama miaka 15. Nyundo hulimaliza kwa dakika moja. Katika hifadhi za bahari kama Malindi, Watamu, Kisite na Mafia, kung'oa tumbawe ni kosa bila kujali mteja wako yuko wapi.

Njia iliyo salama ni vipande vilivyooteshwa kwenye matangi au mashamba ya matumbawe, vikiwa na hati za chanzo chake. Tena huzoea tangi upesi kuliko vilivyotoka mwambani. Na tumbawe laini likishafika kihalali katika mji mmoja, linaweza kukatwa na kugawiwa wateja wa mji huohuo bila kuvuka mpaka tena.

Mwenzetu hakuacha kazi hiyo. Sasa hivi hapeleki matumbawe kabisa. Anapeleka taa, na kabla ya kuagiza humpigia mteja kuuliza kina cha tangi, aina ya tumbawe na plagi ya ukutani. Ameona pia kwamba taa huuzwa mara moja, ilhali tangi la lita 120 linalobadilishwa asilimia 10 ya maji kila wiki hutumia karibu kilo 2 za chumvi kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi.

Yule mteja wa Kigali alirudishiwa gharama ya taa za mboga, akapewa nyingine. Amepata uyoga watatu kutoka kwa mfugaji wa jijini humohumo, na mmoja umeshaanza kugawanyika. Zile ndoo mbili ziko dukani Mombasa. Mwenyewe huzitumia kuwaonyesha wateja jinsi ya kukoroga chumvi.